Timu ya Mashati Meupe

Nisemeje, jamani. Juzi mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, Kasansa, alinituma nikazichungulie timu za wapinzani kabla msimu wa mbio za baiskeli haujaanza. Alfajiri nikajibanza kwenye mpunga kando ya barabara. Ukungu ukapasuka, wakatokea wanaume wanne wenye mashati meupe, wakiteleza juu ya baiskeli kama ndoto, wakipokezana kutangulia ili kukata upepo. Mmoja akanipungia mkono. Nikazama kwenye tope hadi kidevuni, nikabaki humo nikiota watakavyotushinda.

Jua lilipopanda nikakumbuka kuwa washenga wa binti yangu wanakuja. Nikakimbia nyumbani hivyohivyo.

Mkekani walikaa wanne, mashati meupe.

"Huyu ndiye baba wa binti," mke wangu akasema.

Mzee wao akalitazama lile tope. "Tumeshaonana, mama. Tulimsalimia, akajificha."