Gazeti Haikusema Kama Walipona

Bwana wa ukurasa huu, jina langu tafadhali lifiche. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nachuma kahawa karibu na Ruiru. Nilisoma darasa la pili tu, na kuongea mbele ya watu siwezi. Heri niandike.

Baba yangu ni Mnyasa, mtu wa kule ziwa Nyasa. Aliletwa huku na vita ya Mjerumani, kubeba mizigo. Vita ikaisha, akabaki, akaoa mama yangu, Mkikuyu wa hapa. Ile homa kubwa ilipoingia kambi ya kahawa, wengine walikimbia, yeye akakaa na wagonjwa. Aliwachemshia majani, akawalisha uji na kijiko, akawaosha. Mpaka juzi akina mama walikuwa wanamletea watoto wenye vidonda.

Sasa mwalimu mmoja wa Thika ametunga mchezo juu ya Wanyasa walioletwa na vita hiyo na dawa zao. Alikuja kwetu kumuuliza baba mambo ya zamani, na baba alifurahi sana. Siku ya mchezo huko Thika alivaa koti, tukakaa mbele. Akatokea mganga wa Kinyasa amejipaka majivu, amevaa ngozi, anaruka ruka akisema, "Mankwala, mankwala." Hiyo kwa Kinyasa ni dawa tu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliangalia mikono ya baba. Alikuwa anazungusha kofia yake pole pole.

Gazeti ikasifu. Ikasema huyo mganga ndiye alibeba mchezo wote. Sasa baba akipita vijana wanamwita, "Wee Mankwala, ruka kidogo tuone." Watoto wenye vidonda hawaletwi tena.

Nilijikaza nikaenda kwa mwalimu, nikamwomba aitoe hiyo sehemu kabla hajaleta mchezo Ruiru. Akanipa chai. Akasema, "Kijana, hiyo ndiyo gazeti imesifu. Nikiitoa nabaki na nini?"

Baba amefunga sanduku, anataka kurudi Nyasa, na huko hajui hata mtu mmoja aliye hai. Mama alimwambia, "Mzee, mimi siendi. Kwetu ni hapa."

Jana alinipa ile gazeti nimsomee tena. Nikasoma neno kwa neno. Nilipomaliza akauliza, "Wameandika kama wale wagonjwa walipona?"

"Hapana, baba."

"Soma tena."

Nyinyi wasomaji, wengine wenu wazee wenu walilala kwa hiyo kambi. Nishaurini, akiniuliza tena leo nimwambie nini?