Nywele Zilizochomwa Jalalani

Aliyemnyoa mwanangu nilimwamkia shikamoo. Miaka imepita na bado nikikumbuka nasikia moto kifuani. Umetoka nyumbani asubuhi na mapema, njia nzima mpaka mtaa wa Mfaranyaki unapanga maneno ya kumtapika mtu, unafika mlangoni kwake, mdomo unakusaliti: "Shikamoo dada." Ndivyo tulivyolelewa. Hata hasira inabidi ipige hodi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Sisi wa kiwanda cha tumbaku tulikuwa tumeambiwa tumepunguzwa, utafikiri sukari kwenye chai. Mke wangu, ambaye akili zake na zangu hazijawahi kusoma darasa moja, akaanza kufuata mitumba Makambako. Anaondoka siku nne, siku tano. Mimi wa darasa la sita na kipande, maana la saba niliingia nikatoka, nikabaki nyumbani na binti yetu wa miaka sita.

Wiki ya tatu nywele za yule mtoto zilikuwa zimesimama, kila moja na uamuzi wake. Jirani aliyekuwa akimsuka alikuwa na mgonjwa. Mtoto akaniletea chanuo, akakaa chini katikati ya magoti yangu, akanipa mgongo. Kwake baba ni mtu mzima, na mtu mzima anasuka.

Nikajaribu. Mimi nimekulia kwenye tumbaku. Kijijini kwetu kazi ya watoto ilikuwa kufunga majani kwenye fito kabla hayajaingia kwenye banda la kukaushia. Unashika matatu, unazungusha uzi, unakaza, huku na kule, mpaka fito ijae. Nikashika nywele mafungu matatu, vidole vikakumbuka vyenyewe. Mistari sita ya twende kilioni, yote imeelekea nyuma, mmoja umepinda kama njia ya mlevi. Akaenda kujiangalia kwenye kioo cha mama yake, akarudi.

"Baba, huu unakwenda wapi?"

"Huo unakwenda Mbinga. Mingine inaishia hapahapa."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi kila Jumamosi tukawa barazani. Yeye anashika kopo la mafuta, ananilisha karanga kwa kunyoosha mkono nyuma bila kuangalia, nyingine inaingia puani. Ananihesabia mistari. Mimi namsimulia uongo wangu wote wa utotoni. Katikati analala, kichwa kinakuwa kizito kwenye goti, na mimi nasuka polepole nisimwamshe. Nilikuwa mtu mwenye kinyongo siku zile, nimeachishwa kazi, nagombana hata na kuku. Lakini zile saa mbili kifua kilikuwa kinatulia. Na nilijua hazitadumu. Januari alikuwa anaanza darasa la kwanza, na shule yetu watoto wote walinyolewa. Nilikuwa na Jumamosi za mwaka mmoja basi.

Mwezi wa sita shemeji yangu alilazwa hospitali ya Peramiho. Nikamwomba dada yangu mkubwa aje akae na mtoto kutwa ile. Nilimwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jioni nimerudi namkuta binti yangu kwa jirani, amefungwa kanga kichwani, haniangalii.

"Shangazi yake kamleta hapa, kaondoka," jirani akasema, naye akaendelea kupepeta mchele wake.

Nikafungua ile kanga. Kichwa cheupe, kimepitiwa na wembe mpaka nyuma ya sikio, pale kwenye kovu dogo nililokuwa nalizunguka kila Jumamosi. Nywele dada alikuwa amezichoma jalalani kwetu. Ni desturi, nywele za mtu haziachwi ovyo zikaokotwa. Nikaenda naye, nikasimama pale kwenye jivu kama mtu aliyefiwa na mali.

"Baba," mtoto akasema, "shangazi anasema unasuka kwa sababu huna kazi."

"Kazi ninayo. Bosi wangu ni wewe, ila likizo hunipi."

Hakucheka. Yule mtoto alikuwa anacheka hata nikipiga chafya.

Ndiyo asubuhi yake nikaenda Mfaranyaki, nikaanza na ile shikamoo.

"Marahaba," dada akasema. "Karibu, kuna uji."

"Dada, mtoto umemfanyaje?"

"Nimemnyoa. Si anaanza shule?"

"Shule ni Januari. Sasa hivi ni Juni."

"Basi amewahi."

"Dada, usinifanye mjinga."

Akaweka mwiko chini. Dada yangu alinibeba mgongoni mama yetu alipofariki. Chakula nilichokula, yeye ndiye aliyenipikia. Akinitazama namna ile, narudi kuwa wa miaka minne.

"Haya, nikuambie. Jumuiya nzima wanaongea. Tumemaliza rozari, mama mmoja ananiuliza, eti mdogo wako amefungua saluni? Wote wakacheka. Mwanaume mzima, barazani, na chanuo, watu wanapita wanaona. Kama mtu aliyekimbiwa na mke."

"Wao inawahusu nini?"

"Wamejulia wapi, mdogo wangu? Si wewe mwenyewe unayesimulia kwenye komoni?"

Ni kweli. Nilikuwa naingia kilabuni jioni kunywa hiyo pombe, wenzangu wa kiwandani wananiita fundi. Mmoja ananiambia na mimi nisuke, namjibu kaoge kwanza. Nawaonyesha kwa vidole namna ninavyokaza. Nilidhani nikijicheka mwenyewe nitawawahi. Kumbe nilikuwa nawagawia kuni, na moto wakaupeleka kwa mtoto. Na wale wanaume, nasema leo bila kumumunya maneno, hakuna hata mmoja aliyejua mwanawe ana kovu upande gani wa kichwa. Wao ndio walikuwa wanaume. Mimi kichekesho.

"Ungeninyoa mimi," nikamwambia dada. "Mimi ndiye niliyekuaibisha."

"Wewe huna nywele za kunyoa, una upara."

Siku nyingine tungecheka wote. Niliondoka bila kunywa uji, na nyumbani kwake sikukanyaga mpaka baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Na komoni niliinywea nyumbani.

Mke wangu aliporudi alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Dada yako," akasema. Hakuuliza.

Utaniambia nywele zinaota. Zinaota, najua, mimi ndiye niliyekuwa nazipima kwa kidole kila asubuhi. Julai hakuna. Agosti kama ukungu. Jumamosi zinapita, mimi nakaa barazani mikono mitupu, yeye anacheza mbali, na akiona mtu anapita anashika kichwa. Hilo ndilo lililoniunguza zaidi. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa anatembea na mstari wa Mbinga kichwani kama taji, amefundishwa aibu kwa siku moja.

Mwisho wa Novemba zikawa zinashikika kidogo. Nilikuwa sijasema kitu, niliogopa. Jumamosi moja akaja na chanuo, akasimama mlangoni.

"Baba. Ndani."

"Barazani kuna mwanga."

"Ndani."

Nikataka kumbishia. Nikataka kumwambia tutoke tukae njiani kabisa, katikati ya Mfaranyaki, jumuiya yote waje na viti vyao. Lakini kichwa ni chake. Nikaingiza kigoda, nikakaa karibu na dirisha, akakaa akanipa mgongo. Nywele fupi zinaponyoka, vidole vimesahau, mwanga hafifu, natukana kimoyomoyo watu wote ninaowafahamu Songea.

"Baba, unavuta."

"Nyamaza, nitakuitia shangazi."

Mabega yake yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikamponyoka.