Kompyuta ya Ndani

Meza yangu ya kutengeneza saa na duka lao la kudarizi nembo vilitenganishwa na kioo kimoja tu, chenye upenyo mwembamba wa kupitisha sauti. Kwa hiyo wale ndugu wawili wa kike nimewaona na kuwasikia kuliko watu wa nyumbani kwangu. Mkubwa alikaa kaunta. Mdogo alikaa nyuma kwenye kompyuta, akichora mishono ya nembo za shule na makampuni, ile michoro ambayo mashine ya kudarizi inaifuata sindano kwa sindano. Mkubwa tulimwita Dada Mkubwa, hata wateja waliomzidi umri. Mdogo tulimwita Sindano kwa wembamba wake. Dada yake yeye alimwita "mtoto", na huyo mtoto alikuwa ameshaota mvi.

Sizunguki: yule mwanamke simpendi. Alimlea mdogo wake, hilo halina ubishi. Mama yao alipofariki alimchukua akiwa bado wa kushikwa mkono kuvuka barabara, na tangu hapo hakuacha kumdai shukrani. Mbele ya wateja alisema, "Huyu bila mimi angekuwa anaokota makopo." Akampa nauli na chakula, akaita hiyo ndiyo familia. Siku moja kidonge cha uzi wa dhahabu kilipotea. Kilionekana baadaye kimedondokea nyuma ya mashine, lakini upekuzi ulioanza siku ile haukuisha. Kila wakifunga duka, Sindano alisimama mlangoni na dada yake akaingiza mkono kwenye mkoba wake hadi kwenye pindo la chini. Mtu mzima na akili zake. Nilikuwa nageuza uso.

Kisha kompyuta yao ya zamani ikafa. Waliponunua nyingine, ile programu ya kuchorea mishono ilikataa katakata kuingia, kwa sababu ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani. Kununua programu mpya, Dada Mkubwa hakutaka hata kusikia, mkono wa birika yule. Ndipo akaitwa fundi wa kompyuta.

"Tutaweka kompyuta ndani ya kompyuta," fundi alisema.

"Hiyo ya pili inakaa wapi?" Dada Mkubwa aliuliza, akachungulia nyuma ya skrini.

"Haipo, mama. Ni ya kuigiza. Hii ya nje inaikatia kidogo kumbukumbu yake na kipande cha diski yake, na ile ya ndani inaamini kabisa kwamba ni kompyuta kamili."

"Kama huyu," Dada Mkubwa akamnyooshea mdogo wake kidevu. "Naye anaamini ni mtu kamili."

Fundi alicheka, maana mteja ni mteja. Sindano aliendelea kuifuta CD ya kusakinishia mfumo wa zamani kwa pindo la blauzi yake. Ilikuwa na mikwaruzo, na usakinishaji ulikuwa umekwama katikati. Alipoirudisha ikakubali. Wakachagua lugha, wakaweka saa, wakaingiza programu ya mishono. Kipanya kikanasa kule ndani, hakitoki nje ya dirisha, hadi fundi alipomwonyesha Sindano kitufe cha kukiachia. Alikibonyeza tena na tena, kipanya kinaingia, kinatoka, akicheka peke yake.

Fundi huyu alikulia kwenye vibanda vya intaneti, na huko wana desturi yao: usimkabidhi mtu kompyuta kabla hujaipiga picha ya hali yake ikiwa safi. Akaipiga. "Hapa nimehifadhi ilivyo leo," aliwaambia wote wawili kwa majivuno. "Siku mkiharibu chochote, mnabonyeza hapa nje, inarudi kuwa ya leo. Kama hakijatokea kitu."

Alipoondoka, Sindano akaiwekea kompyuta ya ndani neno la siri. Dada yake alimuuliza la nini, akajibu ni kwa ajili ya wateja wasije wakagusa, na Dada Mkubwa hakutia neno. Sindano hajawahi kuwa na chumba chenye kufuli tangu azaliwe. Nilimwona anatabasamu na skrini, nikamfurahia.

Kazi za duka alizichorea humo, kisha akazipitisha kwenye folda ya pamoja zikatoka nje, tayari kwa mashine. Nyingine hazikutoka. Mchana mmoja, dada yake akiwa benki, alijisogeza kwenye ule upenyo akaniambia.

"Kuna shule ya wasichana inabadilisha sare zote. Mwalimu mkuu amesema nikimpelekea michoro akaipenda kabla ya shule kufunguliwa, kazi yote yangu. Na kuna mshonaji ana mashine ya kudarizi imekaa tu, anatafuta mtu wa kushirikiana naye. Naondoka."

Akanigeuzia skrini. Nyuki juu ya kitabu kilichofunuliwa. Alichora wa sweta, wa kofia, wa begi, wa bendera, na mabawa alikuwa ameyajaza mishono myembamba inayopishana mwelekeo hadi yakaonekana yanang'aa. Mimi kazi yangu ni vitu vidogo, najua kazi ngumu nikiiona.

"Utaitoaje?" nilimuuliza. "Flashi ataikuta mkobani, na intaneti hapo hamna."

"Fundi atakuja mwisho wa mwezi kufanya sevisi. Kompyuta yote ya ndani ni faili moja tu, ataibeba nzima kwenye diski yake."

"Na dada yako?"

"Hana neno la siri," alisema, na akasimama wima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Ikabaki siku chache fundi aje. Dereva wa ile shule akapita dukani kuulizia. "Namtafuta mama anayefungua duka lake la nembo," alimwambia Dada Mkubwa, Sindano akiwa amekwenda kunawa. Dada Mkubwa akatabasamu. "Mimi ni dada yake. Mwambie mwalimu mkuu salamu zimefika."

Nilingoja kelele. Hakukuwa na kelele. Alasiri ile alimmiminia mdogo wake chai, akamuuliza kama mgongo bado unamsumbua. Hapo ndipo nilipoogopa, lakini nafasi ya kumwonya Sindano sikuipata; dada yake hakumwacha peke yake hadi wakafunga duka.

Kesho yake asubuhi alimtuma Sindano kuchukua nyuzi upande wa pili wa mji, safari ambayo siku zote aliifanya mwenyewe. Teksi ilipoondoka akavaa miwani, akakaa kwenye kiti cha Sindano mbele ya kompyuta, akampigia fundi na kuweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Hujambo, mwanangu. Hebu niambie, kazi za duka ziko wapi?"

"Ziko huku nje, mama, kwenye folda ya pamoja."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na ile picha uliyopiga siku ile, kuibonyeza kunataka neno la siri?"

"Hapana. Neno la siri ni la kule ndani. Picha iko nje. Kwani imeharibika?"

"Imeharibika," alisema. "Mtoto ameiharibu."

Nilisimama nikagonga kioo kwa kiganja. Nikagonga tena, saa zikatetemeka mezani. Alinitazama juu ya miwani. "Tengeneza saa zako," akasema, akarudi kwenye skrini. Yeye husoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Kompyuta ilimuuliza kama angependa kuhifadhi hali ya sasa kabla ya kuirudisha ya zamani. Hata mashine ilimpa nafasi. Alilisoma swali lile hadi mwisho, akaondoa alama ya tiki, akabonyeza. Kisha akavua miwani akaifuta.

Sindano alirudi na furushi la nyuzi, jasho likimtoka, akakaa, akawasha kompyuta ya ndani. Vidole vilikuwa juu ya kibodi vikingoja kuulizwa neno la siri. Hakuulizwa. Ilifunguka moja kwa moja, tupu, na ile saa ya duara kwenye kona kama fundi alivyoiacha. Akafungua folda. Akafungua pipa la taka. Akazima, akawasha, ikafunguka vile vile.

Dada yake akaja kusimama nyuma ya kiti. "Kumbe haina hata neno la siri," alisema.

"Dada, umefanya nini?"

"Mimi? Mimi najua kompyuta? Kazi za duka si zote zipo, angalia."

"Kulikuwa na vitu vyangu humu."

"Vyako?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Una nini chako humu ndani?"

Sindano aligeukia skrini. Machozi yalimtoka bila sauti, na dada yake akamwekea mkono begani, akauacha hapo. "Mteja wa kofia anakuja mchana," alisema. "Anza hiyo."

Shule ilifunguliwa bila michoro. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza mtu, aliipeleka kazi penye jina, yaani kaunta kwa Dada Mkubwa. Kwa hiyo nyuki nilimwona tena. Sindano alimchora upya kwenye kompyuta ile ile, kwa sweta, kwa kofia, kwa begi na kwa bendera, na kila alipomaliza mmoja alimpitisha papo hapo kwenye folda ya pamoja. Mabawa safari hii aliyajaza mishono ya upande mmoja tu, na hakuna aliyegundua ila mimi. Neno la siri hakuliweka tena.

Jioni alipomaliza wa bendera alizima kompyuta zote mbili, ya ndani kwanza, kisha ya nje. Akaenda mlangoni, akaufungua mkoba mwenyewe kabla hajaambiwa, akaushika wazi kwa mikono miwili. Dada Mkubwa akaingiza mkono.