Injini Waliyoiita Sufuria

Karakana yetu pale Kitale ilikuwa na bati upande wa mbele tu. Nyuma ilikuwa mvua na jua. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa kijana aliyeishia darasa la nane lakini hakuacha kusoma. Nilisoma magazeti makuukuu ya magari ya Amerika, yale ambayo wauza njugu sokoni walifungia njugu. Picha nzuri nilizibandika ukutani juu ya kitanda.

Ndiyo maana mama mmoja wa Endebess alipoleta gari la marehemu mumewe, niliijua injini kabla boneti haijafunguliwa. Gari lilikuwa la Kiingereza, la shamba, lakini injini yake ya silinda nane ilizaliwa Amerika. Wamarekani waliiunda mwanzoni mwa miaka ya sitini, bloku, yaani mwili wa injini, nzima ya aluminiamu, nyepesi, chuma kikiwa ndani ya silinda tu. Ikawasumbua. Nyingi zilitoka kiwandani zikivuja, gharama ikapanda, wakarudi kwa chuma, na ramani ya ile ya aluminiamu wakawauzia Waingereza. Lakini kwa magari ya mashindano aluminiamu hawakuiacha. Baadaye wakaijaribu kwa kagari kadogo, safari hii bila chuma ndani ya silinda, nako kakatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Wengine wangeona hasara hapo. Mimi niliona watu wanaojaribu tena.

Bloku ya mama ilikuwa na ufa ubavuni, mahali maji yanapopita. Fundi wetu mkubwa akaweka sumaku, ikaanguka chini.

"Hii si injini, ni sufuria," akasema. "Mama, huyu kijana ana mjomba Bungoma anayeunda sufuria. Mpelekee ayeyushe."

Mama akatikisa kichwa. "Mzee alinileta nyumbani na hii gari siku ya harusi. Ikiwa sufuria, ugali wake nitaumeza namna gani?"

"Itapona, Mama," nikamwambia.

"Ati daktari!" Fundi akacheka, lakini akaniazima mitungi ya gesi ya kuchomelea.

Kesho yake tukaitoa bloku garini, tukaipakia kwenye pikapu, mama akiwa mbele na dereva. Habari zilikuwa zimetangulia. Tulipofika Bungoma, tanuri la mjomba lilikuwa linanguruma.

"Reta hiyo sufulia, mpwa! Moto uko tayari."

"Mjomba, kwanza niichomelee."

"Uchomelee aluminiamu? Hii haikuonyeshi wekundu ikikaribia kuyeyuka, bana. Unaona iko sawa, halafu inakumwagikia miguuni."

"Si ndiyo nimekuja kwako? Nani anaijua kukushinda?"

Hilo lilimpendeza, akajaribu kulificha. "Na ikikataa?"

Mama ndiye aliyejibu: "Ikikataa, yeyusha."

Mjomba akaagiza sabuni ya kipande. Mkewe akaileta huku akilalamika, "Nguo zenu mtafua na mchanga!" Tukailaza bloku juu ya makaa, mjomba akachora mstari wa sabuni kando ya ufa. Ule mstari ndio ungetuambia kiasi cha joto. Ulikuwa mweupe, ukawa kama chai, ukaanza kuwa mweusi.

"Sasa!"

Nikawasha gesi, nikayeyusha vipande vya pistoni kuukuu ndani ya ufa, kidogo kidogo. Karibu na mwisho ukingo mmoja ukaanza kulegea.

"Toa moto! Toa!" Mjomba alinivuta shati. Ukingo ukasimama pale pale ulipokuwa umefika.

Tukaiacha ipoe taratibu chini ya majivu hadi alasiri. Halafu tukaziba matundu kwa mbao na kujaza maji. Mama alichuchumaa, akafuta ubavu wa bloku kwa leso yake, akaitazama leso. Akafuta tena.

"Ni kavu," akasema.

Mjomba akapitisha kidole juu ya kovu. "Mpwa, umeninyima sufulia kumi," akasema, akatupa birika bovu tanurini ili makaa yake yasiende bure.

Tulipoipakia, nilimfungulia mama mlango wa mbele. Alikataa. Alipanda nyuma, akakaa kando ya injini yake iliyokuwa bado na uvuguvugu, akaweka mkono juu yake, na hakuuondoa hadi Kitale.