Kahawa Isiyoonjwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Nyaishozi, niliamini kabisa kwamba nimemuua mtu kwa punje mbili za kahawa. Siwacheki walioniaminisha hivyo. Wengi wao walikuwa watu wema, na baadhi walikuwa wazee wa kanisa.

Kwetu mgeni hakuondoka bila kupewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna inayochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, kisha kukaushwa. Ilikaa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Mwenye nyumba alitafuna kwanza mbele ya mgeni, ndipo akampa kikapu. Kahawa isiyoonjwa, alisema Bibi, hutolewa na mtu anayekutakia kifo, na atakayeila tumbo litamvimba. Bibi alikuwa na sheria nyingine pia: usile pamoja na mtu aliyehamisha mpaka wako.

Mtu huyo alikuwa jirani yetu. Mzee Rwegasira aling'oa miramura, mimea iliyotenganisha shamba letu na lake, akaipanda upya ndani ya eneo letu. Migomba kumi na kitu aliyoipanda babu ikawa yake, na baraza la kijiji likamwamini. Tangu hapo baba hakumsalimu. Mama, mwanakwaya wa Kilutheri, alimtaja kila jioni kwenye sala, baada ya shangazi na kabla ya mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Akifika hapo, baba hukohoa.

"Mwombee akishaturudishia," baba alimwambia siku moja.

"Yesu hakuweka sharti hilo, Baba Jeneroza," mama alijibu, akimwita kwa jina langu.

"Yesu hakuwa na migomba."

Mama alicheka sana. Kesho yake akamtaja tena.

Mchana mmoja wa masika mvua ya mawe ilimkuta Rwegasira njiani, akakimbilia barazani kwetu. Wazazi wangu walikuwa shambani, Bibi amelala. Nilimwamkia, akaitikia. Nikakumbuka kwamba mgeni haondoki bila kahawa, nikaleta kikapu. Nikakumbuka sheria ya mpaka, sikutafuna. Nilinyoosha tu mkono.

Aliangalia kikapu, kisha akaniangalia mimi. "Wewe huli?"

"Hapana, Mzee."

Kukataa kahawa ni kutangaza ugomvi, naye alikuwa amesimama chini ya paa letu. Akatia punje mbili mdomoni. Mvua ilipokatika aliondoka bila kuaga.

Siku ya nne tukasikia kwamba Rwegasira ana homa kali, anatapika, na tumbo limevimba. Alikuwa amekataa kupelekwa zahanati. Kwetu kila mtu alijua kwamba aliyelishwa sumu akichomwa sindano hafiki jioni. Kwa hiyo alilala tu, akisubiri, na jina letu lilikuwa mdomoni mwake.

Nilimwambia mama nikiwa nalia, tukimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Nilimwonya mtoto huyu," alisema Bibi.

"Ulimwonya mara mbili, mama," mama yangu alimjibu. " Ndiyo shida."

Mama alichukua kikapu kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine. Mke wa Rwegasira hakutukaribisha, lakini hakutuzuia. Mgonjwa alikuwa juu ya mkeka, midomo imekauka. Mama alipiga magoti, akaeleza kosa langu, akatafuna punje mbele yake.

"Wewe si mwenye nyumba," alisema Rwegasira kwa sauti ndogo. "Mwenye nyumba yuko wapi? Anachonga jeneza langu?"

Mama alinituma nikimbie shambani kumwita baba. 

Nilimkuta baba akikata majani makavu ya migomba. "Mama anasema uje utafune kahawa kwa Mzee Rwegasira. Bila hivyo hataki kwenda zahanati."

"Anasema au anaomba?"

Nilifikiri. "Anaomba."

Baba alikata jani jingine. "Akifa, watasema tumemuua."

"Ndiyo, baba."

"Na asipokufa, migomba bado ni yake."

 Hata leo nikitafuta jibu la maneno yale silipati haraka. Akafuta panga kwa jani, akatangulia.

Aliingia na tope miguuni, akachukua punje, akaitafuna taratibu, kisha akafungua mdomo kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza dawa. "Nimekuchukia, Rwegasira. Hilo ni kweli. Lakini nyumba yangu haikukulisha kitu kibaya. Mtoto alikosea."

Mgonjwa alimtazama. "Tafuna nyingine."

Baba akatafuna nyingine.

"Nipelekeni basi," alisema Rwegasira, "kabla hajaimaliza yote."

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza, huku akilia. Wanaume wanne walibeba machela, na baba alishika mti wa mbele hadi zahanati. Mganga wa zahanati alisema ni malaria. Baada ya siku kadhaa Rwegasira alirudi kwa miguu yake.

Miramura haikurudi ilipokuwa. Ningependa kuandika vinginevyo, lakini haikurudi. Kilichorudi ni salamu. Halafu watoto wake wakaanza kuchota maji pamoja nasi, na mama akawa anapita katikati ya ile migomba bila mtu kumuuliza aendako.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwambia baba kwamba siku ile nilimwona akimpenda adui yake. Alitikisa kichwa. "Sikumpenda. Nilitafuna tu, kisha nikabeba."

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa anakiri upungufu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu upendo tangu hapo, vingine vizuri kweli, na sasa nadhani alikuwa ananieleza namna unavyofanyika. Wengi wetu tunasubiri moyo ulainike ndipo miguu ianze safari. Baba aliondoka akiwa na moyo mgumu vilevile. Kama moyo ulimfuata baadaye, ni siri yake na Mungu wake. Rwegasira aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kumsikia akiuliza kama siku ile alipendwa au alibebwa tu.