Ndoo ya Samaki wa Baba

Kila nikisugua utando wa kijani kwenye ndoo, harufu yake hunirudisha siku tuliyohama na mama kutoka Kashaulili kwenda Kakese kwa bibi. Kwenye bajaji nilipakata ndoo yenye samaki wa mapambo wa baba na majani yao ya majini.

"Usimwage maji hayo, wameyazoea," baba aliniambia wakati tunaondoka. "Tangi la kioo nitalileta mwenyewe."

Mama alitazama pembeni.

Bibi aliipokea ndoo kwa mikono miwili. "Asanteni, nyie. Mmenikumbuka na kitoweo." Akayachomoa majani, akawatupia kuku.

Nilimtazama mama, nikingoja aseme kwamba hao si wa kuliwa. Aliuliza tu chumvi iko wapi.

Nikakimbilia barabarani kuangalia kama baba anakuja na tangi.