Nyumba Isiyowekwa Kibao Dirishani

Nilijua kwamba mama anauza nyumba siku nilipomkuta mzungu aliyevaa soksi tupu akipima chumba cha marehemu baba. Ilikuwa Alhamisi mchana. Nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda basi hadi Woluwe-Saint-Lambert na bakuli la sombe, yaani kisamvu, kwenye mfuko, kwa kuwa siku za dialyse, yaani kusafishwa damu hospitali, mama hana nguvu ya kupika. Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Viatu vya kiume vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye zulia dogo la mlangoni, viwili kwa pamoja.

Mimi nashuku sana watu, sikatai. Ndugu zangu hunitania kwamba naweza kumdai padri risiti ya sadaka. Lakini nimeishi Brussels zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kumwona mzungu akivua viatu kwenye nyumba ya watu bila kuombwa. Huyu alishajua kwamba kwetu hiyo ni heshima. Nikajiuliza amejifunzia wapi, na kwa faida ya nani.

"Bon, huyu ni monsieur wa agence," mama alisema kwa haraka. "Anaangalia tu."

"Anaangalia nini?"

"Acha amalize kwanza, mutoto yangu. Tutasema."

Yule dalali akanisalimia "jambo" kwa sauti ya mtalii, akaendelea na kazi yake. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akashusha pumzi. Akaweka kiganja chini ya dirisha, akashusha pumzi tena. Nilimfuata chumba hadi chumba kama askari wa duka. Kila chumba kilikuwa na ugonjwa wake: hapa unyevu, pale nyaya za umeme za zamani, juu paa. Na cheti cha nishati, kile cha kupima nyumba inavyopoteza joto, alisema, kitatoka na herufi ya G tu, na G ndiyo ya mwisho kabisa. Alisema hayo kwa huruma kubwa mno, na huruma ya mtu anayetafuta kununua au kuuza huwa inanikera.

Alipoondoka, mama alinieleza. Nyumba za mji huu ni nyembamba na ndefu. Yetu ina ghorofa tatu, choo kiko juu, na magoti ya mama yamechoka. Alikuwa ameshaona apartment ya chini, vyumba viwili, katika komyuni, yaani manispaa, hiyohiyo. Angeweza kwenda hospitali kwa miguu, mara tatu kwa wiki, na kurudi mwenyewe kujilaza.

"Nikitoka dialyse sitaki kungojea muntu anipeleke," alisema. "Sitaki kuomba."

Hilo ndilo alilokuwa analitaka, na lilikuwa jambo la haki. Apartment ile iliuzwa trois cent septante, yaani euro laki tatu na elfu sabini. Nyumba yetu, dalali alikuwa ameikadiria trois cent quarante, laki tatu na elfu arobaini. Nikamwambia mama hesabu haiingii hata kwa macho. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, matofali yaleyale, paa lilelile, tena haina bustani, ilikuwa imeuzwa kwa quatre cent vingt, laki nne na elfu ishirini, mwaka uliopita. Bei ilikuwa mtandaoni wiki nzima, niliiona kwa macho yangu.

"Yeye ni muntu wa métier, ni kazi yake," mama alisema. "Anajua."

"Anajua, ndiyo. Ndiyo maana naogopa."

Kuanzia siku hiyo nikawa mpelelezi. Nyumba ikiuzwa hapa, kibao cha rangi kali huwekwa dirishani, kila apitaye akione. Kwetu hakikuwekwa. Nikatafuta mtandaoni, asubuhi kwenye basi, mchana wakati wa mapumziko: picha hakuna, tangazo hakuna. Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Mtu mmoja tu ndiye aliyeletwa kuitazama, bwana mrefu mwenye koti la sufu, naye hakuuliza swali hata moja juu ya unyevu. Nilikuwa jikoni mlango umefunguka kidogo. Wale wawili waliitana "tu", ile ya Kifaransa ya watu wanaojuana, si "vous" ya heshima, kama watu waliosoma pamoja au waliooana ukoo mmoja. Bwana yule akatoa bei palepale: trois cent trente, laki tatu na elfu thelathini. Chini hata ya ile ya dalali.

Nikaona kila kitu waziwazi: dalali ameificha nyumba ya mjane ili rafiki yake ainunue kwa bei ya kutupa, halafu aipake rangi na kuiuza upya. Hadithi za aina hii tunazisikia kila siku kwenye saluni za Galerie d'Ixelles, mtu akisukwa nywele huku akiililia nyumba yake. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa ushahidi.

Ushahidi nikautafuta Gare du Nord, nikisubiri treni. Nikapiga simu kwenye ofisi ya dalali, nikajitia mnunuzi. Nikasema kwa Kifaransa changu cha ofisini kwamba natafuta nyumba ya familia Woluwe-Saint-Lambert, vyumba vitatu, bustani, hata yenye kazi ya kufanya, na pesa ninazo. Ni yeye mwenyewe aliyepokea. Alinisikiliza kwa adabu, akasema anasikitika, upande huo hana nyumba yoyote kwa sasa.

Nilikata simu nikiwa na furaha. Furaha mbaya, lakini ilikuwa furaha. Kesho yake nilikuwa ofisini kwake kabla hajamaliza kahawa yake.

Nilimwaga yote: kibao, mtandao, rafiki wa koti la sufu, simu. Nilitaja mahakama. Nilitaja hata chama cha madalali, ambacho sikijui kilipo. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu. Ulikuwa mwandiko wa mama, ule wa kualika watu ubatizo, herufi zimelala upande mmoja. Hakuna kibao dirishani. Hakuna picha mtandaoni. Na sahihi.

"Kuna la tatu," alisema. "Hilo halikuandikwa, sheria hairuhusu. Mama yako alinisihi nisimlete Mwafrika yeyote. Jana kwenye simu, bibi, lafudhi yako niliisikia, ndiyo maana nikasema sina nyumba."

Nikamwambia ni mwongo. La tatu ndilo pekee lisilo na karatasi, nikasema, na linamfaa yeye. Aliinua mabega.

"Ulimwambia kwamba kwa masharti haya atapoteza pesa?" nikamuuliza.

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja," alisema, akatazama kikombe chake.

Mpaka leo nalirudia jibu hilo kichwani. Mtu mwaminifu angemwambia mara tatu. Angenipigia mimi simu. Lakini mara moja ni mara moja, na sikuwa na la kumshitaki nalo.

Nilimkuta mama amelala kwenye kiti kirefu, blanketi miguuni, siku ya dialyse. Nilitaka kungoja apate nguvu. Sikuweza. Nikamuuliza kama ni kweli, hasa lile la tatu.

"Ni kweli," alisema, bila hata kufungua macho.

"Maman, kwa nini?"

"Akikuja Mukongomani moja kuangalia, dimanche ku misa kanisa yote inajua. Batasema tangu papa afe tumekwisha. Batasema mjane anauzisha nyumba juu ya njaa."

Nieleze nyumba ile ilikuwa nini. Baba alikuwa wa kwanza katika kundi lao la watu wa Bukavu, Kongo, kununua nyumba hapa. Siku padri alipokuja kuibariki, watu walikuja kutoka hata Liège, wamama wakaimba kwenye ngazi kwa sababu sebuleni hapakuwa na nafasi, jirani wa Kiflamanda akawapigia polisi simu, polisi wakapewa sambusa. Kwa miaka mingi kanisani tuliitwa "wale wa nyumba". Mama aliingia misa na jina hilo kama mtu anayeingia na kofia nzuri.

Nikamwambia anaibiwa. Nikamwambia watu wa kanisa hawatamlipia apartment, wala hawatamsindikiza hospitali. Nilipaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. Akafungua macho.

"Muzungu akiniiba, ananiiba siku moja, inaisha," alisema. "Ya kanisa haiishake. Kila dimanche, mutoto yangu, mpaka banizike."

Mama alikuwa amemshuku dalali kabla yangu, tena vizuri kuliko mimi. Aliona wizi unakuja, akaupima, akaupendelea. Nilimkasirikia kwa siku kadhaa, kisha hasira ikabaki bila mahali pa kukaa. Mimi mwenyewe, nilipoachwa na mume, nilivaa pete mwaka mzima kila Jumapili.

Akauza kwa trois cent trente. Kwa notaire, yule wakili wa hati za nyumba, bwana wa koti la sufu na dalali walisalimiana kwa "vous", kama wageni, kwa sauti kubwa, mbele yetu. Nililiona hilo, na mama akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri.

Apartment ya vyumba viwili ilichukuliwa na mtu mwingine. Tulitafuta nyingine ya pesa zile karibu na hospitali, hatukuipata. Sasa mama analala kwenye chumba changu huko Anderlecht, mimi nalala sebuleni, watoto wangu wako chumba chao. Mara tatu kwa wiki tunatoka mapema, metro halafu basi, nikimshika mkono, na mara tatu kwa wiki ananiomba msamaha kwa kunichelewesha kazini. Kila akiomba, namkumbuka akisema hataki kuomba.

Jumapili moja baada ya misa, kwenye kahawa, maman mmoja wa kwaya alinivuta pembeni akanishika mikono yote miwili.

"Mama yako ametuambia yote," alisema. "Kwamba wewe na batoto, na kazi, ulikuwa unaumia peke yako. Donc, basi, akaachia wazungu nyumba bapange, balipe kila mwezi, akuje akusaidie. Si kila mama anaweza kufanya hivyo. Umushukuru."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake kidogo, kikombe mkononi, akinitazama.

"Ndiyo, maman," nikasema. "Nilikuwa nimeshindwa."